Sura ya Saba: Ulimi wa Pili

Inspekta alikuwa amekunywa chai mbili tangu alfajiri, na zote mbili zilikuwa za kituoni, yaani maji ya moto yaliyosikia habari za majani. Macho yalimwasha. Mkuu wa kituo alitaka jalada la kiwanda cha magodoro lifungwe kabla ya jioni, mtuhumiwa apande mahakamani kesho, mambo yaishe.

"Kesi nyepesi hii," mkuu alisema bila kuinua uso. "Fundi umeme amemuua shemeji yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Unatafuta nini tena?"

Alikuwa anatafuta usingizi, kama ukweli usemwe. Lakini kulikuwa na kitu hakijakaa sawa katika ile kesi, na yeye kitu kisipokaa sawa hulala jicho moja, kwa hiyo hata angekwenda nyumbani isingemfaa kitu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Juzi mchana, katika ukumbi wa nyuma wa kiwanda, mashine ya kusaga mabaki ya sponji ilimvuta mkono mwendeshaji wake, likafuata bega. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Wenzake walimwita Babu, ingawa hakuwa na hata unywele mmoja wa mvi, kwa sababu mashine ile inaitwa Bibi na yeye ndiye aliyedumu nayo miaka yote. Bibi ana kifuniko kizito cha bawaba, na kwenye kifuniko hicho kuna swichi ya usalama. Ulimi wa chuma umefungwa kwenye kifuniko. Kisanduku chenye tundu kimefungwa kwenye mwili wa mashine. Ukifunga kifuniko, ulimi unaingia kwenye tundu na umeme unapita. Ukifungua, ulimi unatoka na mota inazima. Polisi walipofika walikuta kifuniko kiko wazi, na ndani ya tundu mtu amechomeka ulimi mwingine, wa pili, wa kuidanganya swichi iamini kwamba kifuniko kimefungwa.

Mtu wa mwisho kuikagua swichi ile asubuhi ya siku hiyo alikuwa fundi umeme wa kiwanda, ndugu wa tumbo moja wa mke wa marehemu. Na wiki hiyohiyo watu walisikia wawili hao wakigombana ukumbini, marehemu akipiga kelele, "Shemeji, wewe utaniua!"

Basi, nani angehangaika zaidi ya hapo? Fundi akatiwa ndani. Dada yake, jana ametoka kumzika mume, leo tangu asubuhi amekaa kwenye benchi la kituo, khanga nyeusi begani, anamuuliza kila anayepita na sare neno lilelile. Inspekta alipokuwa anatoka, dada huyo alimuuliza na yeye.

"Afande, ni yeye? Mdogo wangu ndiye aliyemuua baba watoto wangu?"

"Bado tunachunguza, dada."

"Mimi sitaki kumfunga wala kumfungua. Nataka kujua tu."

Inspekta alimwambia atarudi, akaenda zake haraka kuliko miguu ilivyotaka.

* * *

Ukumbi wa nyuma ulikuwa na vumbi jeupe kila mahali, juu ya mabomba, juu ya taa, kwenye pembe za madirisha. Mkaguzi wa mashine, mwanamke mfupi wa makamo aliyetumwa na ofisi ya usalama kazini, alikuwa ameketi juu ya robota la sponji, amevua kiatu kimoja anasugua kidole gumba.

"Umechelewa, kaka."

"Nilichelewa kuzaliwa, dada. Umeona nini?"

"Nimeona kazi nzuri, na nimekasirika. Nilitaka kumpata wa kumlaumu mapema niende zangu, viatu hivi vimenila." Akavaa kiatu, akainuka kwa kuguna. Swichi kuu ukutani aliifunga kwa kufuli lake mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni, akaubonyeza mfuko kwa nje kuhakikisha umo. Ndipo akainamia kisanduku. "Tazama. Kifuniko cha bawaba hakishuki wima. Kinakuja kwa kupinda, kama mlango unavyofunga. Ukikifungia ulimi mgumu, utagonga kingo za tundu kila siku, mwisho unavunjika. Aliyefunga hii alilijua hilo. Alichagua ulimi unaocheza, una springi, unajipinda wenyewe kuingia. Akauweka upande wa mbali na bawaba, ili kifuniko kikiachia hata upana wa vidole viwili umeme uwe umekatika. Na skrubu zake si za bisibisi ya kawaida. Ni zile ambazo ukishakaza hazifunguki mpaka uzitoboe."

"Kwa nini?"

"Watu wasizichezee. Huyu ndiye mliyemweka ndani?"

"Ndiye."

"Afunge skrubu zisizofunguka watu wasichezee swichi, halafu aje kuichezea mwenyewe?"

"Watu hufanya mengi," alisema Inspekta, lakini bila moyo. Akatoa mfuko wa plastiki wenye kile kielelezo, ule ulimi wa pili. Mkaguzi akaugeuza kwenye mwanga.

"Huu mgumu. Hauchezi hata kidogo. Huu ni wa mlango wa kuteleza, unaokwenda pembeni kama droo. Kwenye sanduku lake la vifaa mlikuta nini?"

"Ndimi mbili za akiba. Za kucheza, kama huu wa kwenye kifuniko."

"Zote mbili zimo?"

"Zote zimo."

Mkaguzi akanyoosha kidevu upande wa pili wa ukumbi, kwenye mashine mpya ya kufungasha magodoro, bado ina karatasi za nailoni kwenye pembe. Ilikuwa na mlango wa kioo, wa kuteleza. Inspekta aliutazama mlango ule, kisha akaangalia mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali. Akabaki amesimama.

Mpakiaji wa meza ya jirani aliitwa kuhojiwa. Huyu mama watu wanamwita Redio kwa sababu hazimwi, lakini leo alianza kwa sauti ya chini.

"Juzi asubuhi kifuniko cha Bibi kilikuwa wazi au kimefungwa?" Inspekta aliuliza.

"Kimefungwa, afande. Kikiachia hata kidogo sisi huku tunageuka weupe mpaka kope. Ningepiga kelele. Mimi vumbi silivumilii, nina kifua."

"Asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima, mpaka Babu alipofungua kusafisha. Nilisikia mota inazima. Nikasema moyoni, afadhali, tutapumua. Hata Bibi hakukohoa. Halafu nikasikia..." Alishika mdomo kwa kona ya khanga. "Sikusikia vizuri. Sitaki kusikia tena."

"Subiri. Mota ilizima kwanza, ndipo akapiga kelele?"

"Ilizima kwanza. Nisiijue mota ya Bibi mimi? Inanipigia masikioni kila siku ya Mungu."

Inspekta na Mkaguzi wakatazamana. Mota ilizima. Basi swichi ilifanya kazi yake kama ilivyopaswa, na ule ulimi wa pili haukuwa umemdanganya mtu. Kesi nyepesi ya mkuu wa kituo ikaanza kuwa nzito, na Inspekta akahisi uchovu unampanda kutoka magotini.

* * *

Meneja wa uzalishaji alikuja akiwa ameshika simu mbili, moja inaita. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata.

"Inspekta, nina wageni wanasubiri ofisini. Nilidhani mmeshamaliza."

"Tunakaribia. Katika maelezo yako umesema ulimi huu ulikuwa ndani ya tundu tangu asubuhi."

"Naam. Nadhani fundi aliuchomeka alipokuja kukagua."

"Na Bibi alisaga asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima. Lengo la siku lilikuwa kubwa."

"Kifuniko kimefungwa?"

"Bila shaka kimefungwa. Sisi hapa usalama ni kitu cha kwanza."

Mkaguzi alikohoa kidogo kando. Inspekta akautoa ulimi mfukoni kwa kitambaa, akauchomeka kwenye tundu kama ulivyokutwa, akasogea nyuma.

"Hebu funga."

"Nifunge nini?"

"Kifuniko. Kama kilivyokuwa juzi."

Meneja akaweka simu moja mfukoni, akakishusha kifuniko. Kikashuka vizuri mpaka karibu na mwisho, kikagota. Ulimi wa kifuniko ulikuwa unataka kuingia tunduni, na tunduni kuna mwenzake. Akakisukuma kwa kiganja. Akakisukuma kwa mikono miwili, mpaka simu ya pili ikamponyoka ikaanguka kwenye vumbi. Kifuniko kilibaki kimeachama.

"Labda... labda waliuchomeka baada ya kufungua," alisema.

"Nani? Marehemu? Mota ilishazima na mkono wake uko ndani."

"Mimi sijui mambo ya kiufundi, Inspekta."

"Naona. Fundi angejua kwamba ndimi mbili haziingii tundu moja. Funguo za kabati la vipuri vya mashine mpya anakaa nazo nani?"

Simu ikaita tena pale chini na hakuna aliyeinama kuiokota. Inspekta alimkazia macho yale ya mtu asiyelala, akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja, hasa akiwa amechoka, kwa sababu hana nguvu za kufanya kingine.

"Ninazo mimi," meneja alisema mwishowe, akanywea ndani ya lile shati lake. "Niliogopa. Watu walikuwa wanakimbia huku na huku, nikabaki mimi na ile mashine. Nikafikiri, wataandika kwamba kiwanda kimemuua mtu."

"Ukaona bora aandikwe fundi."

"Siku ile fundi sikumtuhumu mimi! Nilidhani mtasema marehemu alijichezea mwenyewe, maskini, amekufa, haimdhuru tena. Ninyi ndio mliokwenda kumkamata fundi. Mlipouliza nani wa mwisho kugusa, nikasema fundi, kwa kuwa ni kweli."

Na hilo lilimchoma Inspekta, maana lilikuwa kweli pia. Meneja alichomeka kipande cha chuma. Hati ya kumkamata fundi aliitia saini yeye mwenyewe, Inspekta, baada ya kusikia mgogoro wa ndani ya familia, na alijisikia hodari sana siku ile.

* * *

"Sasa niambie," alisema akimgeukia Mkaguzi, "mashine imezimwa na swichi nzima. Mtu amekufaje?"

"Leta kipande cha sponji kirefu. Na fimbo."

Mkaguzi akafungua kufuli lake, akamwamuru kila mtu arudi nyuma ya mstari wa njano, akautoa ulimi wa pili, akafunga kifuniko, akawasha. Bibi akanguruma. Waliacha ngoma ishike kasi. Kisha Mkaguzi akakifungua kifuniko kwa mkono mmoja. Ulimi ukatoka, mota ikazima hapohapo, ukumbi ukawa kimya kabisa. Ndani ya mdomo wa mashine palikuwa na wingu jeupe la vumbi linaelea. Ungeapa hakuna kitu kinachotembea mle.

"Imezima," alisema meneja, kana kwamba ameshinda.

"Mota imezima," alisema Mkaguzi. Akafunga kile kipande cha sponji kwenye ncha ya fimbo, akakichovya kwenye lile wingu taratibu. Fimbo ikamruka mkononi, ikapigwa, ikatoka ikiwa fupi. Sponji haikutoka. Redio alipiga yowe akageuka ukutani.

Ngoma yenye visu ilikuwa bado inazunguka. Inspekta alipata muda wa kuinama, kufunga kamba za viatu vyake vyote viwili zilizokuwa zimelegea, na kuinuka tena akishika kiuno, na ngoma ilikuwa bado haijasimama.

"Umeme ukikatika ngoma haina habari," alisema Mkaguzi. "Inakwenda kwa uzito wake. Hii ni nzito sana kwa mashine ya umri huu. Ilibadilishwa lini?"

"Mwaka jana," alisema meneja. "Tulinunua hii ikiwa kuukuu. Ile ya awali ilikuwa nyepesi, haikumudu kazi."

"Ngoma nyepesi ilikuwa inasimama upesi, swichi ya kawaida ikatosha. Ulipoweka hii ulitakiwa kubadilisha na swichi. Unachukua ile yenye komeo. Unazima mashine, komeo linakishika kifuniko mpaka ngoma isimame kabisa, ndipo linaachia. Kabla ya hapo hata uje na nyundo hufungui. Hakuna aliyekwambia?"

Meneja aliokota simu yake, akaipangusa vumbi.

"Fundi aliniambia," alisema. "Nikamwambia haiwezekani. Bibi anasafishwa mara nyingi kwa siku. Kila mara mtu akae anakitazama kifuniko kimefungwa, asubiri komeo liachie? Zamu nzima ingeishia kwenye kusubiri. Nikamwambia afunge ya kawaida, watu wawe waangalifu."

"Watu wawe waangalifu," Mkaguzi alirudia. Akakaa tena juu ya robota lake. Alionekana kama mtu aliyeyasikia maneno hayo katika kila kiwanda alichowahi kukanyaga.

Inspekta alitaka kuishia hapo. Alikuwa na mtu wa kumkamata na sababu ya kumkamatia, na ofisini kuna kiti. Lakini kile kitu kilikuwa bado hakijakaa.

"Babu alifanya kazi na ngoma hii mwaka mzima," alisema. "Kila siku anafungua, kila siku anasafisha. Hakuwa mgeni. Alikuwa anajuaje imesimama, na vumbi lote lile?"

Alimuuliza Mkaguzi, lakini aliyejibu ni Redio, akiwa bado ameelekea ukutani.

"Kwa kikohozi cha Bibi."

"Ulisema hakukohoa."

"Juzi hakukohoa. Wiki hii yote hakukohoa, amepona. Zamani ngoma ikizunguka kuna kisu kinagonga mle ndani, kho, kho, kho. Ndiyo maana tukamwita Bibi. Babu akishafungua anasimama anamsikiliza. Kikohozi kikipungua, kikapungua, kikaisha, ndipo anaingiza mkono. Sisi wote tulijua. Tulikuwa tunamtania, mke wako amelala sasa, mguse."

Mkaguzi aliinuka, akarudisha kufuli ukutani, akangoja mpaka ngoma ikasimama, ndipo akainama na tochi. Alichukua muda. Akamwita Inspekta kwa kidole. Kwenye ngoma ile chakavu, kati ya bolti zilizoshika kutu, kulikuwa na moja mpya inayong'aa. Mtu aliikaza kwa nguvu, akaipaka alama ya rangi nyekundu juu ili ikilegea aone.

"Kisu kilichokuwa kinacheza," alisema Mkaguzi. "Mtu amekifunga. Kazi safi kabisa. Ndivyo inavyotakiwa." Akazima tochi. "Mungu wangu."

Wazee walisema mazoea yana taabu. Inspekta alisimama pale anaikumbuka ile kelele waliyoisikia watu, shemeji wewe utaniua, na sasa akaielewa, akatamani asingeielewa. Yule bwana hakuwa anamtuhumu mtu kwa njama. Alikuwa anaomba kisu chake kilegezwe.

* * *

Fundi alikuwa kijana mrefu aliyejikunja kwenye kona ya mahabusu, magoti yamefika kidevuni. Inspekta aliingia, akakaa naye chini sakafuni. Askari wa zamu alishangaa.

"Ulimi aliuchomeka meneja, baada ya ajali. Amekiri, yuko chumba cha pili anaandika. Wewe uko huru."

Fundi aliinua uso. Hakuonyesha furaha.

"Kama ulimi haukuwemo," alisema polepole, "basi swichi ilikata umeme."

"Ilikata."

"Basi ilikuwa ngoma."

"Ilikuwa ngoma. Meneja amekubali kwamba ulimwomba swichi yenye komeo akakataa. Hilo nimeliandika, na atalijibu mahakamani pamoja na lile la ulimi. Aliyechagua swichi ni yeye."

"Ndiyo, afande. Na bolti?"

Inspekta aliangalia viatu vya fundi, vilivyovuliwa kamba.

"Bolti niliikaza mimi. Nilifungua Bibi kukagua nikakuta kisu kinaning'inia. Kingeruka kingemkata mtu. Nikatia bolti mpya. Shemeji akanijia juu. Akasema mrudishe Bibi kama alivyokuwa. Nikamwambia shemeji, wewe umerogwa? Nilegeze kisu makusudi? Nikamcheka, afande. Mbele za watu." Alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Na haki ilikuwa yangu. Kisu hakitakiwi kucheza."

"Hakitakiwi. Mkaguzi amesema hivyohivyo."

"Naomba nilale humu leo."

"Haiwezekani."

"Usiku mmoja tu. Dada yuko nje, si ndiyo? Nitamwambia nini?"

Inspekta alikuwa na huruma naye, huruma nzito iliyomkaa kifuani, lakini sheria haina kifungu cha kumhifadhi mtu huru. Alimshika mkono akamwinua. Walitoka kwenye korido, mmoja anaburuta miguu kwa uchovu, mwingine kwa woga, na ungewatazama kwa mbali usingejua nani ni mfungwa.

Dada alisimama alipowaona. Jua la jioni lilikuwa limefika mpaka kwenye kaunta.

"Afande, ni yeye?"

"Ulimi uliokutwa kwenye mashine hakuuweka yeye," alianza Inspekta. "Aliyeuweka tumemkamata. Mdogo wako hana kesi ya kujibu. Swichi iliyochaguliwa haikuifaa mashine ile, na mdogo wako ndiye aliye..."

"Dada," fundi alimkata. "Bibi alikuwa anakohoa, nikamkaza bolti. Shemeji alikuwa anategemea kile kikohozi. Aliniomba nikirudishe, nikakataa."

Askari wa zamu aliacha kuandika. Yule mama alimwangalia mdogo wake kuanzia miguuni, viatu visivyo na kamba, mpaka kichwani. Inspekta akajisogeza kidogo, maana ameshaona mengi kwenye kaunta ile na hakujua mkono wa dada utakwenda wapi.

"Najua," dada alisema. "Aliniambia usiku wa siku mliyogombana. Alisema umemnyamazisha Bibi, sasa anasimama anahesabu kichwani kama mtoto wa darasa la kwanza, na akichoka anasahau amefika ngapi. Akanituma nije nikuombe, wewe ni wangu, mimi utanisikiliza."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia. Nilimwambia akuache, mdogo wangu anajua kazi yake." Akaikaza khanga begani. "Tukagombana kidogo. Akalala."

Inspekta alitafuta neno la kuwapa, la sheria au la dini, lolote, na alikuwa amechoka mno kulipata. Mwishowe yule mama aliitoa khanga begani, akamfuta mdogo wake vumbi la sakafu usoni, kwa nguvu, kama anamsafisha mtoto anayekwenda shule.

"Watoto wanauliza mjomba yuko wapi," alisema. "Na wanauliza baba yao alikosea nini. Siwezi kuwajibu peke yangu. Twende, utanisaidia."

Fundi akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akamfuata.